Kwa Nasambu, Kibanda cha Kumi na Tisa

Nasambu, usidhani nimehamia kwa jirani yako
mwenye kioo kirefu na redio.
Miezi saba sijafika, na najua unahesabu:
wewe huhesabu wateja kama ulimi unavyohesabu meno,
pengo moja tu, hulali.

Nimeacha dawa.

Tulianza Disemba ile nilipomaliza kidato cha nne.
Miaka minne shule ilikuwa imeninyoa,
ati hesabu haziingii penye nywele.
Nikaja soko la Kenyatta na vidole viwili vya nywele
na noti ya shangazi Bosibori ndani ya soksi.
Ukafungua kopo. Ukavaa glavu.
Ukasema, "Ikianza kuwasha, sema."
Iliwasha. Sikusema.
Ikachoma. Sikusema.
Nilitaka upepo wa barabara ya Mbagathi
uninyanyue nywele kama msichana wa kalenda.

Miaka kumi na sita, kila wiki ya nane, kama karo.
Kigaga nyuma ya sikio,
foronya yenye doa la manjano nililoligeuza upande wa ukutani.
Hata serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki
nilificha mmoja kwenye mkoba, wa magendo,
wa kuvaa kichwani mvua ya Aprili ikinivizia.
Akili ni nywele, kila mtu ana zake.
Zangu zilikuwa za dukani.

Mwanzo nilijaribu kungoja zikue.
Kichwa kimoja, koo mbili zisizosalimiana:
mzizini ngumi ndogo ndogo, zimejikunja, zina neno;
nchani zimelala, hazina habari.
Nikipitisha chanuo usiku, pale zinapopakana
nasikia tk.
Asubuhi sinki imevaa nywele kuliko mimi.

Basi Alhamisi moja, maana huku Umoja
maji huja Alhamisi,
nikachukua mkasi wa kukatia vitambaa
nikakata yote yaliyolala.
Ondieki akasimama mlangoni na dumu mkononi,
akatazama, akameza mate,
akauliza, "Nichemshe maji?"
Hilo ndilo penzi, Nasambu. Mengine ni matangazo.

Kazini, bwana Muthiora wa mikopo
akaniita pembeni, sauti ya matanga:
"Pole. Umefiwa na nani?"
Nikafikiri kidogo.
Nikamwambia marehemu alikuwa ameugua siku nyingi.

Sasa zinakunywa maji kama ndama.
Dumu moja la vyombo, mawili ya kichwa.
Napondaponda parachichi, natia mafuta ya mbarika,
nageuka, mtoto ameshalipaka kwenye mkate.
Kuna siku nazichukia, nakwambia kweli.
Nimelia na kitana kilichovunjika meno matatu
saa kumi na moja alfajiri, na basi la kazini halingoji.
Halafu kidole kinapita nyuma ya sikio,
pale palipokuwa kigaga,
kinakuta laini, kama shavu la mtu nisiyemjua.

Kuna jambo sijawahi kukwambia.
Siku ile stima ilipopotea, ukainama kutafuta mshumaa,
kitambaa chako kikateleza.
Matuta manne, meusi, manene kama kamba ya kisima.
Hayajawahi kuonja kopo.
Ukakifunga upesi, ukacheka:
"Kinyozi hajinyoi."
Nami nikacheka.
Nikarudi wiki ya nane.

Sikulaumu. Kodi ya kibanda hailipwi kwa siri
za chini ya kitambaa, na mimi
ndiye niliyekuwa nikileta kichwa na pesa.

Jumamosi nakuja.
Glavu ziache kwenye droo.
Nisuke kama unavyojisuka, kwa vidole vitupu,
na kitambaa chako kikianguka, kiache hapo sakafuni.
Ukivuta sana, Nasambu,
safari hii nitasema.