Tapua

Mji ni wa Efraimu,
mashamba ni ya Manase.
Ndivyo kura ilivyoanguka,
na karani akakunja ngozi yake, akaenda zake.

Hakumuuliza Azuba,
ambaye jiko lake liko huku
na mtofaa wake uko kule,
hatua kumi na nne toka kizingitini.

Kila asubuhi huvuka kabila
na kisu, na kikapu,
mbuzi nyuma yake, asiyejua ukoo.

Mwaka wa ukame, kijito cha Kana kikiwa kokoto tupu,
walikuja na kamba kupima kivuli.
Adhuhuri kilikuwa cha Manase.
Alasiri kikajinyoosha hadi mlangoni.

Azuba akawakatia matofaa.
Wakala kimya, kamba magotini,
wakitema mbegu
huku na huku.