Kilo Moja na Robo

Kazi yangu ni kupima.
Jengo la zamani, Kipawa, ndege za viti kumi na viwili:
abiria hupanda mizani na begi lake
nami naisoma namba kimoyomoyo,
maana wapo wanaoona haya.

Tumsifu alikuja Jumatatu na nyundo,
suruali imetapakaa rangi hadi magotini.
Nikamwuliza kibali.
Akatoa barua yenye mihuri mitatu,
mmoja umepigwa kichwa chini.
Haya, nikasema. Ukuta si wangu.

Akatundika picha kumi na moja
kati ya bango la USIACHE MZIGO WAKO
na saa iliyokufa tangu masika.
Nikacheka. Nani atazame picha
mtu akiwahi Mafia, akiwahi Kilwa,
kitambulisho amekibana kwa meno?

Nilisahau utajiri wa uwanja mdogo: kungoja.
Ukungu Songea. Rubani yuko chai ya pili.
Ukishalisoma bango mara nne,
ukishahesabu feni (tatu, moja imegoma),
macho hayana pazia,
yanakwenda yenyewe.

Muuza kamba alisimama mbele ya foleni ya ndoo,
akamjua shangazi yake kwa mkono ule kiunoni,
akapiga simu palepale:
"Shangazi! Umetundikwa uwanja wa ndege!"
Mtoto akauliza kwa nini mbuzi ni wa bluu.
Muulize mbuzi, mama yake akasema.
Na Hiiti wa ulinzi, asiyejua sanaa, kwa kauli yake,
kila zamu alisogeza kiti
kidogo,
kidogo,
hadi kikaelekeana na mbuzi.

Kisha Bwana Mwinchande.
Nilimkumbuka: wiki tatu nyuma walishuka wawili,
yeye na mkewe, na chupa ya chai,
wakaniuliza gari la Muhimbili ni lipi.
Leo tiketi moja.
Akaweka begi. Akaweka mkoba wa kike, mweusi,
zipu imefungwa na pini.
Nikaupima, ndiyo kazi:
kilo moja na robo.
Nikaandika. Sikuwa na safu nyingine ya kuandika.

Akaenda kwenye picha ya kiti cha kinyozi,
kitupu, taulo begani mwa kiti.
Hakulia, msidhani.
Picha ilikuwa imekaa upande.
Akaunyoosha ukingo kwa vidole viwili,
akarudi nyuma hatua moja, akatazama,
akaunyoosha tena,
kama unavyomweka mgonjwa vizuri kwenye mto.
Tulipoita Mafia, tulimwita mara tatu.

Mwisho wa mwezi Tumsifu alibeba picha zake.
Kumi. Mbuzi kabaki na Hiiti,
analipa kwa awamu, na mkewe bado hajaambiwa.

Ukuta una misumari kumi na moja.
Meneja kaagiza yote ing'olewe.
Nimeng'oa kumi.