Randa ya Isingoma

Kutoka Bulindi hadi Masindi nimeipakata,
imefungwa kwa kitenge cha mama:
randa ya baba, chuma kizito cha zamani,
mpini umeliwa na kiganja kimoja
hata mkono mwingine ukiushika unajihisi mgeni.

Kongamano liko kwenye ua wa parokia.
Maturubai mawili, meza kumi na mbili za mkangazi,
jenereta linalokohoa,
mafundi sitini, wanawake watatu.
Langoni waliniuliza nimemletea nani chakula.
Nikafungua kitenge. Wakaniandika.

Siku ya kwanza hatukukata hata kijiti.
Fundi Ocakacon, Mualuri wa Nebbi,
aliinua mkono wa kushoto: vidole vinne.
"Cha tano," akasema, "ndiyo ada niliyolipa.
Ninyi mtasoma bure."
Kisha akauwasha msumeno wa duara,
nasi sote tukarudi nyuma hatua moja
kama askari walioamriwa.

Nikajifunza kusimama kando ya ubao, si nyuma yake,
kukunja mikono ya blauzi, kuvua bangili,
kusukuma kwa kijiti, si kwa ushujaa.
Driciru wa Arua, bingwa wa mashine
asiyewahi kunoa patasi maishani,
alinishika bega: "Usiipigie magoti.
Ni ng'ombe tu wa umeme.
Jua pembe iko wapi."
Jioni nikamwonyesha jiwe la kunolea,
mafuta matone mawili, kifundo cha mkono kimetulia.
Tukawa hatudaiani.

Siku ya tatu ikafika zamu ya randa.
Nikaiweka ya baba juu ya mvule,
ikafanya ilivyofanya miaka yote:
ikanyofoa nyuzi, ikaacha vishimo
kama uso ulioponea ndui.
Nikasema alilokuwa akisema yeye:
"Mvule ni mti mkaidi."

Ocakacon hakujibu. Akalegeza skrubu,
akatoa makali pamoja na kile chuma kifupi
kinachoyalalia mgongoni,
akatazama nafasi kati ya ncha na ncha.
"Upana wa kidole," akasema,
naye kidole anakijua thamani.
Akasogeza. Akasogeza tena,
hadi ukabaki unene wa unywele. Akakaza.

Maranda yakatoka.
Marefu, membamba, yakanishukia miguuni bila kukatika,
na mvule ukabaki unang'aa
kama mtoto aliyetoka kupakwa siagi.
Wenzangu wakapiga makofi.
Mimi nikaenda kusimama nyuma ya jenereta,
ambako mtu akilia hasikiki.

Miaka arobaini, baba.
Miaka arobaini unatibu kwa msasa
majeraha ya randa yako mwenyewe,
vumbi kwenye nyusi, vumbi kwenye chai,
kikohozi kinakuamsha kabla ya jogoo.
Madawati ya shule. Kitanda cha harusi ya shangazi.
Jeneza la pacha wako, ulilolisugua usiku kucha
ukikataa kusaidiwa.
Uliutukana mti, ukaitukana na mvua iliyoukuza.
Wala hakupita mtu Bulindi
akakwambia: unywele.

Nimerudi jana na cheti chenye mhuri
na makovu mawili madogo, ya patasi.
"Abwooli, wamekufundisha nini?" mama akauliza,
akinipakulia kalo.
"Mashine," nikasema. "Mashine, hasa."

Alipolala niliingiza mkono chini ya meza ya baba,
upande ambao msasa haukuona haja ya kufika.
Vishimo vipo vyote. Nimevipapasa
kimoja kimoja, gizani, kama anayehesabu fedha za mtu.
Randa iko tayari. Makali yanakata nywele za mkono.

Meza sijaigeuza.