Sarara kwa Rüstem

Muuza nyama alipima kilo mbili za sarara,
akanitazama mara mbili.
"Ya kusaga, mama?"
Ya kusaga, nikamwambia.
Akashika kisu kama mtu aliyeagizwa
achane hariri ya harusi apate madekio.

Miaka thelathini na sita Rüstem aliuza nyama
katika duka la pembeni, Kayseri,
na sarara haikuvuka kizingiti chetu.
Kinyozi hajinyoi.
Tulikula shingo. Tulikula mbavu zilizokataliwa na mizani.
Na kila Novemba, theluji ikishakaa mabegani mwa Erciyes,
alijaza masalia hayo kwenye utumbo,
akafunga kwa uzi wa pamba, akatundika roshanini,
na jengo zima likajua kwetu kuna sujuki.

Homa ya Machi ilimrudisha nyumbani
ila pua yake ilibaki nayo.
Tangu hapo mkate ni kitambaa,
kahawa ni maji ya moto yenye rangi.
Halalamiki. Anatia chumvi,
anaonja, anatia tena.

Nikasema nitapika sujuki ya kuamsha maiti.
Niliuza bangili moja (moja tu, Gülten,
usipige tena simu kutoka Stuttgart kunilaumu).
Nikanunua pilipili ya Maraş, ile nyekundu ya mafuta,
na uwatu, na bizari niliyoikaanga mwenyewe
hadi machozi yakanitoka,
vitunguu saumu vichwa vitatu, kisha cha nne kwa hasira,
na njugu za kijani za Antep, ambazo mama yangu
angenipiga mwiko kwa kuzitia humo.
Nikakanda mpaka vidole vikafa ganzi.
Mashine ya kujazia imevunjika mpini;
nikajaza kwa faneli na kidole gumba.

Siku kumi na mbili zilining'inia nje.
Siku ya tano tone jekundu lilimwangukia Perihan wa chini
katikati ya foronya nyeupe.
Nikashuka na sabuni, na ahadi ya nusu pete.

Jumapili asubuhi. Kikaango cha chuma, bila mafuta.
Nimemenya ngozi, nimekata vipande vinene kama sarafu za zamani.
Rüstem yuko sebuleni, amenipa mgongo,
anahesabu vidonge vya wiki.
Nikaweka kipande cha kwanza.
Cha pili.
Akainua kichwa.

"Nebahat. Hiyo ni sarara."

Uma ukanidondoka.
Umenusa? Rüstem, umenusa?

"Nimesikia," akasema.
"Shingo ina kelele, mafuta yake hugombana na chuma.
Hiyo inanong'ona,
kama mgeni asiyejua choo kiko upande gani."
Kisha, bila kugeuka:
"Umesaga nyama ya wateja."

Nikaitafuta sahani ya wageni, ile yenye ukingo wa dhahabu,
nikampangia vipande sita, na yai, na mkate.
Basi karibu, mteja, nikasema. Keti.

Akaketi. Akatafuna muda mrefu,
jicho lake likiwa dirishani.
Vipi?
"Laini."
Na nini kingine?
"Laini tu, Nebahat."
Sikulia. Nilisugua jiko ambalo lilikuwa safi.

Jumatatu alivaa koti kabla ya mimi kuamka.
Alirudi na kitu kilichofungwa kwenye gazeti,
kimelowesha habari za michezo:
mkia wa kondoo, mweupe, mzito kama mtoto.
Akautua mezani, akakunja mikono ya shati
kama alivyokuwa akifanya kila alfajiri
wakati nilipokuwa sijui thamani ya mgongo ule.

"Saba za nyama, tatu za mkia," akasema.
"Iache ipige kelele.
Nitakula kwa masikio."
Akatafuta kisu chake kwenye droo,
akakijaribu kwa kucha,
akaniuliza nani amekitumia kufungulia makopo.