Irabu za Mnong'ono

Kaabong, saa tisa usiku. Kinasa sauti kimelala
na pumzi ya bibi Nachem ndani yake:
irabu za mwisho wa neno, zisizo na mtetemo,
zipo, ila koo halizitii sauti.

Barua ya Chama imefika simuni.
Akidi ilitimia. Hazina imekaguliwa.
Ruzuku ya wanafunzi imeahirishwa hadi kongamano lijalo.
Wanachama wanafunzi walihudhuria, bila kura.

Nauli ya Kampala nimeikopa kwa Lokiru, muuza betri.
Ya ng'ambo sijui.

Nimejibu kwa mstari mmoja:
Waheshimiwa, alama ya irabu sighuna
mliipitisha wenyewe, kiduara kidogo chini ya herufi.
Kichoreni basi chini ya jina langu.