Nyoka au Nge

Nilisahau kuizima.
Miguu imebanwa ikawa mguu mmoja,
midomo inasema, sauti haitoki,
ndivyo Amida inavyotaka,
na hapa pajani simu inatetemeka.

Alasiri ya Jumatatu. Nje, Barabara ya Chuo Kikuu
inapiga honi zake zote kwa mpigo.
Ndani tuko kumi kamili, akipungua mmoja
hatuna jamaa: mhandisi wa visima kutoka Haifa na wanawe,
daktari wa meno, wengine nisiowajua,
mimi wa Kasuku, fundi miwani wa River Road,
na nyuma yangu Mzee Zelig Brodie
anayesali kama achaguaye mchele, punje kwa punje.

Sheria alinifundisha yeye,
chai ya tangawizi ikipoa, kidole mezani:
mfalme akikusalimu, usimwitikie.
Nyoka akijizungusha kisiginoni, usikatize.
Ila nge. Kwa nge, acha.
Nyoka huenda akapita na safari yake;
nge hana safari.

*Utuponye, nasi tutaponyeka* —
hapo hapo ikatetemeka tena.
Mama yuko wodini Ol Kalou tangu Ijumaa.
Sheria haikutaja simu.
Nikamaliza, sijui nilimalizaje,
zikabaki hatua tatu za kurudi nyuma
na nyuma yupo Mzee, katikati ya punje zake.
Dhiraa nne za mtu anayesali haziingiliwi.
Nikasimama. Ikatetemeka. Nikasimama.

Kisha kiatu kikakwaruza mbao.
Mzee, asiyewahi kumpisha hata balozi,
anasogea pembeni, macho kayafumba,
miguu bado imebanwa,
kama kabati zito linalosukumwa na mtu mmoja.

Kushoto kwanza. Moja, mbili, tatu. Nikainama,
nikangoja kidogo, maana adabu ni adabu,
kisha nikatoka mbio hadi kibarazani.

Alikuwa Mama mwenyewe, sauti imemrudia.
"Mvua imefika huko?"
"Bado, Mama."
"Huku imetwanga mabati usiku kucha."
Basi. Hilo tu. Mara nne amepiga.

Mzee alitoka wa mwisho, kama kawaida yake.
"Nge?"
"Nyoka," nikasema, nikiona haya.
Akahangaika na mwavuli wake uliovunjika ubavu.
"Kisigino hakina macho," akasema,
akashuka ngazi,
na tone la kwanza likamwangukia begani.