Jamaa wa Marehemu

Sanduku limeandikwa kwa penseli: Pembe? Au mzizi?
Ndani mna tope kavu la Maboko.
Nimeketi ghalani, chini ya makumbusho,
sindano ya kushonea mkononi, mswaki wa mtoto kando,
nakwangua.

Kwanza nilidhani ni tawi la mgunga.
Miiba imechomoza huku na kule bila mpango,
kama mti ulioota bila kuomba ruhusa.
Lakini mti hauna njia za damu.
Hapa, chini ya ukucha wangu, pana mfereji mwembamba:
damu ilipita, ya moto, asubuhi fulani
kabla ya Nairobi,
kabla ya maji baridi yaliyoipa jina.

Simu inatetemeka mezani. Kikundi cha mazishi.
Binamu yetu Mong'ina amefia Kayole,
michango inaorodheshwa:
Nyandusi elfu moja. Bosibori mia tano. Mimi bado.
"Wewe ni wa karibu," mweka hazina ananiandikia,
"usitufiche."

Narudi kwa marehemu wangu.
Huyu naye, jamaa zake ni nani?
Twiga, labda, yule wa Lang'ata
anayeramba viganja vya watoto wa shule
kwa ulimi wa rangi ya zambarau.
Na mwingine ng'ambo, kwenye nyasi za Amerika,
mwenye pembe za panda,
si swala ingawa wanamwita swala,
anayekimbia kupita kiasi cha hofu yake:
aliyemfukuza alikufa zamani,
miguu haijaarifiwa.

Hakuna aliyewapigia.
Miaka milioni kumi na tano ya matanga,
na waombolezaji ni mimi, chupa ya gundi,
na Kipsoi wa ulinzi, ambaye kila jioni
huchungulia mlangoni:
"Bado hujamaliza kuni zako?"

Leo kipande cha mwisho kimekubali.
Kimelia tik, kikaingia,
kama mtu aliyerudi kitini baada ya kusalimia wageni.
Kiswahili hakina jina lake. Nimetafuta.
La wataalamu linanikwama kooni.
Kwenye lebo nimefuta mzizi,
nikafuta na alama za kuuliza.

Kisha nimetuma elfu moja na mia tano.
Mweka hazina akajibu papo hapo:
"Elfu nimeona, ni yako.
Hii mia tano ya juu,
niandike nani?"

Nimeshika simu. Vidole vina vumbi,
kioo hakinitambui.